Jani la Pemba Sokoni Bunia

Dada Mwanakombo,

Salamu kutoka Bunia yenye baridi tamu ya asubuhi. Unakumbuka wataalamu wenzangu wa mimea walivyonicheka niliposema mmea wetu wa msitu wa Ngezi una ndugu huku bara? Leo sokoni mama mmoja amenifungia samaki wa Tchomia, kule ziwani, kwa jani, nami nikaganda nikilitazama: jani la mmea wetu lenyewe!

"Weye unanunua samaki ao majani?" akaniuliza.

"Vyote, mama! Linaota wapi?"

"Nyuma ya shamba yangu, iko mingi sana. Soko ikiisha tutaenda."

Tukaenda. Nimeukuta umechanua, ua lile lile la kwetu! Nikalia kwa furaha, na yeye akanikumbatia huku akicheka.

Mungu akuponye mguu, dada. Waambie wote nyumbani kwamba mdogo wako hakukosea.

Asha