Mstari Nilioufuta kwenye Karatasi ya Mama

Alhamisi. Hapa Gisenyi jua limewaka kutwa nzima, lakini upande wa Kanama, kule juu mto unakotokea, mawingu meusi yamekaa tangu asubuhi. Anayeishi karibu na mto Sebeya haamini jua la hapa. Hutazama kule juu.

Shajara yangu, leo nina la kukiri.

Akagari yetu, ile ofisi ndogo ya serikali ya mtaani, inaunganishwa na ya ng'ambo ya kilima, na wafanyakazi wanapunguzwa. Mwezi uliopita kila mmoja aliambiwa aandike kazi zake zote katika ukurasa mmoja. Mama, anayefanya kazi pale, aliandika kwa mkono, kurasa mbili. Mimi nikazichapa kwenye kompyuta ya shule na kuzifupisha.

Nilifuta mstari huu: "Mvua ikinyesha Kanama, nashuka mtoni na filimbi kuhamisha watu."

Niliona aibu. Filimbi, kwenye karatasi ya serikali? Tena hakuna aliyemtuma, alianza mwenyewe. Mama hakusoma tena. "Wewe ndiye msomi," alisema. "Lete niweke sahihi."

Jana barua ikaja. Kazi zake, inasema, zinaweza kufanywa kutoka ng'ambo. Mwenye pingamizi aandike kabla ya kesho, Ijumaa, saa sita mchana.

Leo alikwenda kukabidhi muhuri na funguo. Filimbi hawakuidai, hawajui kama ipo. Simu aliiacha nyumbani ikichajiwa. Nilipofika kutoka shule ililia: muuza viazi mmoja wa Kanama, ambaye humpigia mama siku zote za mvua.

"Huku imeanza, na si ya mchezo."

Nikachukua filimbi, nikashuka mbio.

Mama Zawadi, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameanika samaki wake mbele ya nyumba. "We mutoto! Mama yako iko wapi? Ile filimbi si ya kuchezea!" Majirani wakacheka. Mvua gani, na jua hili?

Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka. Ndipo mto ukageuka kahawia, kisha ukaleta mgomba mzima na mizizi yake. Mama Zawadi akambeba mjukuu wake, akaacha samaki. Waliokuwa wakicheka wakapanda nyuma yake.

Maji yalifika kwenye kizingiti chake, yakasimama.

Leo yamesimama.

Mama amerudi sasa hivi, anavua viatu mlangoni. Hajauliza kwa nini sare yangu ina matope. Mawingu hayajaondoka Kanama, na mto nausikia kutoka hapa mezani, ingawa dirisha limefungwa.

Nitamwambia kabla hatujala. Kisha nitaandika pingamizi, ule mstari juu kabisa, kabla ya kazi nyingine zote, na kesho nitaupeleka ofisini mwenyewe kabla ya vipindi. Sijui kama kuna atakayeusoma.

Filimbi nimeitundika kwenye msumari wa mlango, mahali ambapo hata mdogo wangu anaifikia.