Sikuiba Kifaransa

Koboko,
14 Novemba 1993

Dada Susana mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Constantino na watoto wote hapo Ediofe. Natumaini mguu wako umepona na sasa unafika kanisani bila fimbo. Huku sisi ni wazima. Baba anaumwa kiuno kidogo tu, na muhogo mwaka huu umekubali.

Barua yako nilipewa na Fabiano siku ya soko. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimeikunja kwa hasira. Dada, wewe uliyenibeba mgongoni tulipokimbilia Zaire, hukuniuliza kama niliiba. Umeniuliza niliiba nini! Basi nisikilize.

Unajua nilikuwa nafua na kupiga pasi nyumbani kwa wauguzi wa zahanati ya wakimbizi wa Sudan. Wauguzi wale ni wageni, wanasema Kifaransa tu. Mmoja wao, Solange, mama yake hakupenda kuandika. Alikuwa anajirekodi kwenye kanda na kumtumia. Solange alizicheza mchana, mlango wazi, mimi nikiwa na pasi ya makaa mkononi. Aliponiona natega sikio alicheka, akaniambia nizisikilize hata yeye akiwa kazini, nisikae mpweke. Alisema hivyo mwenyewe.

Kifaransa tulichofundishwa shuleni kule Aru, Zaire, kilikuwa cha ubaoni, kila neno limesimama peke yake. Mama yule alisema cha mdomoni. Kwa "sijui" hakusema "je ne sais pas" kama mwalimu wetu. Alisema "shepa", basi. Nilirudisha kanda nyuma kwa kalamu nisimalize betri, nikasikiliza tena, nikasema pamoja naye mpaka ulimi ukazoea. Aliposema "j'en ai marre" alipiga meza, nikajua kuna jambo limemchosha. Alipoeleza jinsi mumewe alivyopasuliwa tumbo, alisema "il est tiré d'affaire", na papo hapo akacheka kwamba mzee ameanza kudai mchuzi. Hapo nikaelewa maana yake: hatari imepita.

Sasa, zahanati ilikuwa na mkalimani, Enoch, mwenye cheti cha Kifaransa kutoka Kampala. Simchukii, lakini Kifaransa chake ni cha karatasi. Mwezi uliopita nilipeleka mashuka wodini, nikamkuta daktari akimweleza Mariam Poni, mama mmoja Msudani, habari za mwanawe aliyelala siku nne bila kufumbua macho. Daktari alisema harakaharaka, kama wanavyosema wao, kwamba mtoto est tiré d'affaire. Enoch akakuna kichwa, akamgeukia yule mama: "Daktari anasema mtoto ametolewa. Mambo yake imekwisha."

Dada, yule mama alijitupa sakafuni akalia kilio cha msiba, na wodi nzima ikalia naye. Mimi nikaachia mashuka yote, nikapaza sauti: "Mama Mariam, wacha kulia! Mtoto iko! Iko muzima, daktari anasema hatari imepita!" Kisha nikamwambia daktari, kwa Kifaransa, alichoambiwa mama huyu. Alishika kichwa.

Ungefikiri wangenishukuru. Mkubwa wa ofisi, Bwana Bernard, aliniita siku ileile. Hakuuliza habari za mtoto. Aliuliza kwa nini mimi, mfua nguo, nilificha kwamba naelewa mazungumzo yao. Nikamjibu hakuna aliyewahi kuniuliza. Akasema nimekuwa nikiiba maneno yao, akataka kujua nampelekea nani. Mimi! Sisi ambao tulichomewa nyumba tukakimbia kwa kuitwa hivyohivyo, wapelelezi! Kesho yake nilifungiwa geti, na Enoch akabaki na kazi yake. Neno "kuiba" likatoka getini likaingia sokoni, likapanda basi, na lilipofika kwako Ediofe limekuwa sukari na sabuni.

Hasira yangu ni ya haki na siiombei radhi. Lakini kwa kuwa ni wewe, nitakuambia na lile ambalo Bernard hajui.

Mwezi wa nane Solange alipata habari kwa redio ya ofisi kwamba mama yake amefariki. Wiki mbili baadaye ikafika bahasha yenye kanda ambayo marehemu alikuwa ameituma. Solange hakuweza kuifungua. Aliificha chini ya nguo zake, akawa anajilaumu kila siku kwa nini hakwenda nyumbani mapema. Mimi niliifungua. Hiyo hakuniruhusu. Nilikuwa nimeizoea sauti ile, dada. Tangu mama yetu afe kule Zaire, sijakaa na sauti ya mama mtu mzima muda mrefu hivyo. Nilisikiliza yote, nikaibandika tena bahasha kwa uji wa muhogo. Mle ndani mama anamwambia "t'en fais pas", usijisumbue kwa ajili yangu, usije, baki na wagonjwa wako. Nilimtazama Solange akilia wiki baada ya wiki, jibu ninalo, nikanyamaza ili isijulikane kwamba niliifungua.

Jana nilimngoja njiani nikamwambia kwamba niliisikiliza kanda ile. Uso wake ukawa mwekundu. Akasema nimeingia mahali ambapo hata yeye hajathubutu kuingia. Sikujitetea. Akaniomba nimwambie mama alisema nini. Nikakataa, nikamwambia ayasikie kwa kinywa cha mama yake mwenyewe, si kwa changu. Akaenda hatua chache, akarudi, akauliza kama sauti ilikuwa ya mgonjwa. Nikamwambia alikohoa mara mbili na kucheka mara moja. Akaondoka bila kuniaga.

Hao wanaonisema hapo Ediofe waambie waje waniulize mimi. Hili la kanda libaki kati yetu. Nisalimie shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu, na Mungu awatunze nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Paska