Mita Ilisema Safi, Wanjiru Akasikia Shaa

Jumamosi, Tetu. Ukungu asubuhi, jua mchana, na mashavu yananiuma kwa kucheka.

Wiki hii mdogo wangu Wanjiru, aliyeolewa Wang'uru, amepata leseni ya redio ya mawasiliano, kama niliyo nayo mimi. Nilimwahidi kwamba sauti ya kwanza atakayoisikia hewani itakuwa yangu. Nilikuwa na wasiwasi wa kutanguliwa, maana jirani yake ana redio kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

Nikamwita kwa redio yangu. Mita ikanifurahisha sana. Mshale mmoja huonyesha nguvu inayokwenda kwenye antena, mwingine ile inayokataliwa na kurudi. Ya kwenda ilikuwa tele, ya kurudi karibu sufuri. SWR, kipimo cha jinsi antena inavyokataa nguvu, ilikuwa moja nukta moja, na moja ndiyo bora kabisa! Nikapiga picha.

Kisha simu ikalia, ni Wanjiru. "Wairimu, kwani hujaanza? Hapa ni shaa tu, mvumo mtupu bila sauti ya mtu."

Nikamjibu kwamba redio yake ndiyo mbovu. Kwa kujiamini kabisa.

Mume wangu Kariuki alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. "Si Kadogo alitafuna hiyo waya yako huko nje? Nilidhani uliona."

Kadogo ni ng'ombe wetu.

Nilitoka mbio. Ganda la kebo inayopanda kwenye antena lilikuwa limetafunwa na mvua ya wiki nzima imeingia ndani. Kebo iliyolowa hula nguvu ikipanda, na kile kidogo kinachokataliwa na antena, inakila tena kikishuka. Mita yangu iko mezani na hupima yanayopita hapo mezani tu. Haijui kama kuna anayesikia. Niliona hakuna kinachorudi, nikadhani kimefika. Maziwa yakimwagika njiani pia hayarudi nyumbani, lakini hilo sikulifikiria.

Nikaweka kebo mpya. SWR ikapanda hadi karibu mbili! Antena yenyewe ilikuwa na kasoro siku zote, na kebo mbovu ilikuwa inaificha. Nikaita hivyo hivyo.

Nikaachia kitufe, nikasikiliza.

"Nakupata, Wairimu! Ati ni wewe kweli? Ni wewe wa kwanza!"

Nikabonyeza kitufe kumjibu, nikalia, kwa hiyo Wang'uru yote imenisikia nikivuta kamasi.

Ile picha nimeifuta. Kesho nitarekebisha antena na kuinua kebo mbali na mdomo wa Kadogo. Mshale ukikataa kushuka, shauri yake. Wanjiru amenisikia.