Vali Iliyofungiwa Kabatini

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila mimi nina donge rohoni. Ile vali ndogo ya kupitishia hewa, ninayoichonga kwa ajili ya mashine za oksijeni za wodi ya watoto, nimekatazwa kuitengeneza. Kampuni moja imeniletea barua ya wakili: hataza, yaani haki ya ubunifu wa vali hiyo, ni yao, mwingine haruhusiwi mpaka miaka kumi na moja ipite. Nikawapigia simu, "Basi niuzieni." Wakajibu, "Hatuitengenezi." Mashine nne zimelala hapa karakana. Wewe si ndiye unayeifanyia kamati ya bunge tathmini ya hiyo sheria ya hataza? Waambie wazifute hataza zote!

Mama yako

20 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole sana. Nimemweleza mwenyekiti wa kamati kwamba jambo hili limemgusa mama yangu. Ameniruhusu niendelee, ila hesabu zangu zitakaguliwa na mwenzangu.

Kuzifuta zote sitaki, mama. Nani atahangaika miaka mingi kubuni kitu, kesho yake jirani akiige bure? Ninachopima ni hiki: hataza inaleta uvumbuzi kiasi gani, na inawanyima watu kiasi gani? Kwa hizi zinazofungiwa kabatini bila kutumika, jibu naliona, lakini wabunge wanataka ushahidi. Hebu waulize mafundi wenzako.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

U mzima? Barua yako iliniudhi wiki nzima, halafu nikakuelewa. Hata mimi nisingependa kunyang'anywa kazi ya mikono yangu.

Nimewasaka mafundi wa hospitali thelathini na mbili. Orodha hii hapa: mashine mia moja na tisa, na kipuri kilichokwamisha kila moja. Wakague mpaka wachoke.

Mama yako

28 Septemba

Mama,

Shikamoo, na ukae kitako kwanza. Sheria mpya ya hataza ilipita jana!

Wakili wa makampuni alituambia mbele ya kamati, "Mkigusa hataza, uvumbuzi utakufa." Nikamwekea orodha yako mezani. "Kwa hizi mia moja na tisa, uvumbuzi uko wapi?" Akanywa maji. Sasa hataza ikikaa miaka mitatu bila kutumika, fundi yeyote ataomba leseni, amlipe mwenye hataza ada ya halali, atengeneze. Hiyo ya vali yako imeshapita muda huo; omba leo hii!

Binti yako

6 Desemba

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa mwenye leseni namba moja! Leo asubuhi nimefunga vali ya nne. Nesi mkuu alipowasha mashine, wodi nzima ilipiga vigelegele, nami nikalia mbele ya watu bila aibu.

Mchana ile kampuni ikanipigia. Wanataka niwachongee na wao vali hiyo hiyo. Nimewaambia wapange foleni.

Mama yako