Tundu la Boti ya Enoka

Shanwe, Mpanda
14 Septemba 1997

Kwako rafiki yangu Enoka,

Amahoro, ewe mla maziwa. Kabla hujaendelea kusoma futa mikono, maana karatasi hii ni mpya na sitaki imfikie mkeo Lucia ikinuka zizi. U mzima? Na mtoto ananenepa, au amechukua mbavu za baba yake? Baba yako Mzee Yohani mfikishie shikamoo yangu, umwulize kama ng'ombe wake wamezoea majani ya bonde la Rukwa au bado wanageuza shingo kutazama Mpanda. Mimi ni mzima kabisa. Mama yangu Générose yuko kulekule Mishamo, kifua kinamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anashika jembe mpaka vijana wanaona haya. Kila nikienda kumsalimu ananiuliza yule Msukuma wangu aliyekuwa akimaliza sufuria la maharage alipotelea wapi.

Nimekuandikia kwa jambo moja. Nataka uje Mpanda kabla mwezi huu haujaisha, ukae kwenye benchi la Fundi Silvester. Usicheke. Sababu iko mbele, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka vipindi vya shule.

Mwezi uliopita alikuja dukani mhandisi wa barabara, Mzungu mmoja mrefu kama nguzo ya simu, akaweka boksi juu ya benchi. Ndani mlikuwa na bodi ya boti ya mashindano. Enoka, ungeiona ungesahau hata majina ya ng'ombe. Nyekundu kama pilipili, ndefu kama mkono wangu kuanzia begani, na ubavu wake mwembamba kama ganda la yai, maana si mbao ile, ni fibaglasi. Pamoja nayo mota mbili za umeme na rimoti yenye antena ndefu. Alieleza kwamba mwenzake wa kambini anayo ya kwake, na wameahidiana kushindana bwawa la Milala siku ya Krismasi, ila yeye kufunga mota na pangaboi hajui. Akasema amesikia kwamba Shanwe kuna fundi aliyewahi kufunga mota kwenye mtumbwi mdogo wa mti, ukaenda kama bata aliyefukuzwa na mbwa. Nilijipiga kifua hata kabla hajamaliza. Fundi Silvester alinitazama juu ya miwani yake.

Nisijipige kifua kwa nini? Hapa mjini siku hizi mafundi wengine hawanioni ndani. Kuna redio ya mwenyekiti mmoja iliyoshindikana mpaka Sumbawanga, nimeiwasha kwa bisibisi na mate. Wasichana wakipita dukani wanapunguza mwendo, na Marsela, yule muuza mandazi, ananipa moja la ziada halafu anadai vidole vyake viliteleza. Kwamba niliishia darasa la tano hakuna anayejua, labda wewe ulitangaze.

Lakini tangu bodi ile ikae kwenye benchi, mawazo yangu yako mwaka tisini na mbili. Unakumbuka vile vigari viwili vya rimoti ambavyo padri aliwaletea watoto siku ya Krismasi, vikavunjika magurudumu kabla ya mwaka mpya? Fundi Silvester alitugawia kimoja kimoja, akatuambia benchini kuna nafasi ya mwanafunzi mmoja tu. Kila mtu achonge mtumbwi wake, afunge mota ya kigari ndani yake, auvushe bwawani Milala kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye matete na kuurudisha. Atakayefanya haraka, kigoda ni chake.

Siku zile tulikuwa na raha, bwana. Mimi nilichonga wangu kwa mringaringa, mti ambao wazee wetu Warundi wanachongea ngoma. Wewe ulichonga wako kutoka kwenye mzinga wa zamani, na wiki nzima nyuki wapotevu walikuwa wanakuja kuukagua kama wenye nyumba. Tulikata vipande vya antena za redio mbovu viwe mirija, tukapitisha spoku ya baiskeli ndani yake. Nyuma pangaboi la bati la kopo la maziwa, mbele kimpira cha valvu cha kushikana na mota. Mafuta ya kondoo ndani ya mrija, nta mdomoni maji yasipande. Nani alitufundisha? Hakuna. Tulikosea mpaka tukapatia.

Mimi nilinyoosha spoku yangu kama fundi wa baiskeli, zungusha, gonga, zungusha, gonga. Wewe uliishika yako kama unavyoshika mshale ukiuchonga. Ulifumba jicho moja, ukaitazama kwa urefu wake ukielekea mwanga, ukaibonyeza kidogo kwa kidole gumba, ukatazama tena. Na tundu ulilitoboa hivyohivyo, kwa jicho, huku mimi nina rula mbili na penseli sikioni. Nilikutania kwamba nyie Wasukuma mtawinda kambale kwa upinde. Ukanijibu kwamba sisi Warundi tutawapigia ngoma mpaka wajitoe wenyewe.

Halafu siku ya mashindano, rimoti. Tulicheka mpaka tukakaa chini! Nikibonyeza ya kwangu, boti zote mbili zinatii. Ukibonyeza ya kwako, na yangu inageuza kichwa. Ndiyo maana Fundi Silvester aliamua twende mmojammoja kwa saa yake ya mkononi. Mimi nikatangulia. Wangu ulienda na kurudi kama umetumwa chumvi. Wako ulianza vizuri, tena kwa kasi kuliko wangu, kisha ukaanza kutetemeka kama mwenye homa. Mrija ukapata moto, nta ikayeyuka, nyuma ikanywa maji, na kabla ya matete ulikuwa umeshazama. Uliingia majini mpaka kiunoni kuutafuta, na viboko walikuwa wamekoroma upande wa juu dakika chache tu kabla. Ukatoka nao kwapani, maji yanachuruzika. Vijana walipiga kelele kwamba sasa kambale nao wamepata zizi.

Ulichomoa spoku ukaikuta imepinda. Nikadakia mbele ya watu wote kwamba imepinda kwa sababu tundu ulilitoboa upande. Ukainua boti, ukachungulia, ukasema mbona unaliona limenyooka. Nikasema basi jicho lako ndilo limepinda. Walicheka sana. Kigoda nikapewa mimi, na wewe kesho yake ukarudi kwenye ng'ombe za baba yako.

Sasa sikiliza habari ya boti nyekundu, na hapa majivuno yangu yanapungua kidogo, kwa hiyo soma polepole ufaidi. Nimejaribu kwanza kwenye boti za mbao, mara sita. Mapangaboi mawili niliyakata kwa kielelezo kimoja, boti ikawa inavutwa upande mmoja. Nikabadilisha nyaya ili mota moja igeukie kinyume, ikawa moja inasukuma na nyingine inarudisha, boti inazunguka palepale kama kuku aliyekatwa shingo. Siku tatu zilipita ndipo nikatambua kwamba kielelezo kinatakiwa kupinduliwa, pangaboi la pili liwe kinyume cha la kwanza. Hilo nimelishinda. Kilichonishinda ni spoku mbili kulala sambamba. Rula inasema sawa, maji yanasema hapana. Na ubao ukikosea unautupa, ila bodi ile inatobolewa mara moja tu kila upande. Ukikosea umeiua.

Ningeendelea kujifanya fundi, kusema kweli, kama si Makarius, dereva wa lori la mahindi anayekuja huko kwenu. Wiki iliyopita alikunywa chai dukani, akanipa habari zako. Alisema u mzima, una mke mzuri, ila kuna jambo linawashangaza watu. Alisema siku hizi Enoka akichonga mshale hautazami mwenyewe. Mdogo wake ndiye anauangalia kama umenyooka, na ukiulizwa unajibu kwamba jicho lako lina mpindo, mafundi wa Mpanda walishalipima.

Chai ilinipalia, Enoka.

Tundu lako lilikuwa limenyooka. Siku ile, mchana kabla ya kwenda Milala, ulipokwenda kunywesha ng'ombe za mzee, nilichomoa spoku yako nikaweka yangu. Yangu nilikuwa nimeigonga mpaka imepata mpindo kidogo, wa kutoonekana kirahisi ikiwa ndani, na muda wa kutafuta nyingine haukuwepo. Nilirudishia kila kitu, nikapaka nta juu, nikaifuta. Spoku iliyokwenda na kurudi kama imetumwa chumvi ilikuwa yako. Iliyozama ni yangu. Na nilijua wakati ule unachungulia lile tundu, na nilijua nilipotamka lile neno kuhusu jicho lako. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne na sikutaka kurudi Mishamo kulima. Hiyo si sababu, nakueleza tu ilivyokuwa.

Jana asubuhi nimemwambia Fundi Silvester. Hakunipiga wala hakupayuka. Aliniuliza miaka hii mitano nimekuwa nikilalaje. Nikamjibu kwamba nimelala vizuri, na hilo ndilo lililomkasirisha. Alichukua kigoda changu akakiweka nyuma ya kabati, akasema kina mwenyewe. Sasa nalehemu nimekaa juu ya debe, Marsela anapita anacheka, na sijamwambia kwa nini. Fundi ameamua kwamba hakuna atakayetoboa bodi ile mpaka ufike. Usipofika hadi mwisho wa mwezi, atamrudishia mhandisi ikiwa nzima, amwambie kwamba Mpanda fundi alikuwepo ila alifukuzwa. Alisema nikuandikie hayo kwa mkono wangu, na barua ameisoma kabla sijaifunga. Neno kupayuka amenisahihishia yeye.

Makarius anapakia kwenu Alhamisi na atakuachia nafasi ya mbele. Ukija na hasira, njoo nazo hivyohivyo, nipige, sitainuka kwenye debe. Na ukiamua kutokuja sitakulaumu, nitarudi Mishamo nikamsaidie mama jembe. Ila nakuomba kitu kimoja tu, ndugu yangu, uje au usije. Mshale ujao usimpe mdogo wako. Utazame mwenyewe.

Mkumbatie mtoto kwa ajili yangu, Lucia mwambie nimemsalimia kwa adabu zote ambazo hakunijua nazo. Mzee Yohani msomee mwanzo wa barua tu, habari za mama na za majani. Katikati usimsomee mpaka uwe umeshanipiga, maana yeye ana fimbo.

Ni mimi rafiki yako, kama bado waniita hivyo,

Arcade, mwanafunzi wa Fundi Silvester