Likizo ya Pemba Uliyoitaka Julai

Zena, rafiki yangu,

Nimekwenda Pemba na nimerudi. Nilikwenda Julai, kama ulivyotaka wewe.

Tuliipanga ile likizo mwaka mzima, walimu wawili wa shule moja ya Magoma, tumekaa juu ya kitanda changu na daftari la maandalio ya masomo. Masika tuliyakataa mapema, maana mvua ikishika hata Korogwe hatufiki. Wewe ukasema Julai. Yule nesi Mpemba wa zahanati alikwambia kwamba wakati huo karafuu zinaanikwa kila uwanja, ukipita tu nguo zinanukia. Mimi nikasema Julai kuna kusi, bahari inachafuka, na sisi Wasambaa wa milimani maji mengi tunayaogopa. Tungoje Desemba. Ukacheka. "Haya, Eliza, Desemba. Ukiniambia tena tungoje, naenda peke yangu."

Vuli ikaja na homa. Siku nne tu, Zena. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa lako walipokuja kuniambia. Nilimaliza lile nililokuwa nimelishika, nikaweka na tarehe. Sijui kwa nini. Nisamehe kwa hiyo Desemba.

Kwenu Handeni watu wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Mama yako amepata nyumba kwenye mstari, jirani kulia na jirani kushoto, na anasema bado hajazoea kusikia kikohozi cha watu wengine. Shule ilipofungwa nilikwenda kumwamkia, nikamweleza kwamba nakwenda kule tulikopanga mimi na wewe. Nilidhani atalia. Akauliza, "Unakwenda na nani?" Nikasema peke yangu. Akaingia ndani, akatoka na khanga mbili ndani ya kikapu, akafunga mlango.

Basi tukaenda naye. Kutoka Tanga hadi bandari ya Mkoani, huko Pemba, alitapika njia nzima, na mimi vilevile, tumeshikana mikono. "Zena alikuwa na wazimu," akasema, na tukacheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Ya karafuu ni kweli. Zimeanikwa kwenye majamvi mpaka ukingoni mwa barabara. Mwanamke mmoja aliyekuwa akizichambua alimwamkia mama, kisha akatutazama: yeye na mtandio wake, mimi na msalaba wangu shingoni. Akauliza, "Bibi, huyu ni nani wako?"

Nikafungua mdomo nieleze kwamba mimi ni rafiki wa marehemu binti yake. Mama akanitangulia.

"Mwanangu," akasema. "Huyu ndiye aliyebaki."

Nikainama, nikamsaidia yule mwanamke kuchambua.

Zena, shule zikifungwa tena nakwenda Handeni, si kwa kumwamkia tu. Nitalima naye shamba lake mpaka limalizike, na mwaka unaofuata vilevile. Hilo usiwe na wasiwasi nalo. Pumzika, dada yangu.

Eliza