Vijiti Vitano Juu ya Mtini

Jumatatu, 4 Machi 2019
Papai, vipande vidogo vidogo. Zabibu nusu nusu. Ninga, njiwa hawa wa kijani, hawatafuni, wanameza tu. Miaka miwili nafagia banda hili la ndege hapa bustani ya wanyama ya Houston, na sasa nime-apply kazi ya kuwatunza. Nitaipata. Nani anawajua kama mimi?

Dana, msimamizi mpya aliyetoka kitengo cha nyoka, kasema yule ninga wa kijani kitupu, asiye na utosi wa zambarau, ni wa aina nyingine, hana mwenza. Ijumaa anapelekwa bustani ya Fort Worth. Mh! Huyo ndiye jike. Mapambo ni ya dume.

Jumanne, 5 Machi
Dume kakaa juu ya mtini tangu asubuhi, hasogei. Jioni jike kaja, wamepokezana zamu. Pale walipopishana nimeliona yai moja, juu ya vijiti vitano. Ndicho kiota chao, basi.

Mwaka jana vijiti kama hivyo, pembe ile ile, niliviondoa kwa ufagio. Kwetu Pemba taka hazingoji jua lipande. Chini nikakuta ganda limevunjika. Nikalifagia pia. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia Dana jike ana yai. Kasema pale hapana kiota, ni uchafu umenasa. Nikarudi kufagia. Naitaka ile kazi. Naitaka sana.

Ijumaa, 8 Machi
Niyo, dereva wetu Mrundi, kaja na sanduku. Kaniuliza kwa upole ndege yuko wapi. Nikasimama mlangoni, nikamwita Dana.

"Mwaka jana na mimi niliona uchafu. Nikafagia yai lao. Simama hapa utazame."

Tukasubiri, Niyo naye. Dume akajiinua kugeuza yai. Jeupe pe.

"Dume hatagi, Dana. Jike ni yule wa kijani kitupu."

Sanduku limerudi tupu. Kosa langu limeandikwa kwenye faili. Kazi ya utunzaji, labda mwakani. Imeniuma, nimelia garini. Lakini mwakani nita-apply tena, na bado hakuna anayewajua kama mimi.

Jumapili, 24 Machi
Kinda limetoka. Moja, baya kweli, macho yamefumba. Jike kalifunika.

Chini ya mtini sijafagia wiki mbili. Majani, mbegu, kinyesi. Dana kapita na ndoo yake. Kayazunguka, hakuyakanyaga.